Hospitali Kuu ya Garissa: Ni Nani Aliyechelewa?

 

Leo sitaanza na ugonjwa. Nitaanza na hospitali yenyewe, ile ambayo wenyeji wa Garissa bado wanaiita PGH, yaani hospitali ya mkoa, ingawa mikoa ilikwisha na tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013 hospitali hiyo ni ya rufaa ya Kaunti ya Garissa. Jina la zamani halitoki mdomoni haraka.

Kila mtu hapa ana habari yake kuhusu hospitali hii. Mmoja atakwambia mtoto wake aliokolewa pale. Mwingine atakwambia alimpeleka mamake akiwa bado anaongea, akarudi naye amefunikwa shuka. Ukimwuliza huyu wa pili, kwa upole, mama aliugua siku ngapi kabla ya kupelekwa, mara nyingi utasikia siku sita, siku nane, wiki mbili. Na sisi wafanyakazi wa afya tuna usemi wetu tunaoutumia wadini: "Watu wa huku huja wakiwa wamechelewa." Nimekuwa muuguzi katika sehemu hizi miaka mingi, katika vituo vidogo na vikubwa, na usemi huo nimeutamka mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Siku moja mzee mmoja aliyemleta mkewe alinisikia. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Binti yangu, na ninyi mlikuja lini?"

Swali lile sikuweza kulijibu siku ile. Leo nataka tulijibu pamoja, kwa kuangalia historia ya hospitali yetu.

Wakati wa ukoloni nchi hii yote, kutoka Mto Tana kwenda Wajir, Mandera na Moyale, iliitwa NFD. Wazee wanalikumbuka jina hilo. Kwa sheria ya mwaka 1926 NFD ilifungwa; mtu wa nje hakuingia bila kibali, na mwaka 1934 ikaongezwa sheria nyingine kali juu ya ile. Serikali ilikuja huku kwanza kulinda mpaka. Daktari alifuata nyuma sana ya askari.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, Garissa ikawa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki, na hospitali ya Garissa ikabeba mzigo wa mkoa mzima. Sasa tazama umbali. Kutoka Garissa hadi Wajir ni zaidi ya kilomita 300. Hadi Mandera ni zaidi ya kilomita 700. Mgonjwa wa Mandera aliyepewa barua ya kwenda hospitali ya mkoa wake alikuwa na safari ndefu kuliko mtu anayetoka Mombasa kwenda Nairobi, na tena juu ya lori, katika mchanga wakati wa jua na katika tope wakati wa mvua. Barua yenyewe ilikuwa rahisi kuandika.

Kisha kulikuwa na jambo jingine, ambalo hatulizungumzi sana katika vipindi vya afya. Baada ya vita vya Shifta vya miaka ya 1963 hadi 1967, sheria za hali ya hatari zilibaki katika mkoa huu mpaka mwaka 1991. Mwezi wa Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi hapa Garissa ulichomwa. Mwezi wa Februari 1984 yakatokea mauaji ya Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Habari hizo zimo katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotolewa mwaka 2013, na sina haja ya kuzirudia zote. Ninazitaja kwa sababu mtu anayeugua haendi hospitalini kwa miguu peke yake, huenda na kumbukumbu zake. Aliyezoea kuulizwa kitambulisho barabarani kabla ya kuulizwa anaumwa wapi, atajaribu kwanza dawa za nyumbani, atamwita shekhe amsomee, atangoja kidogo aone. Na jengo lolote lenye bendera atalikaribia polepole.

Nikupe mfano mwingine wa kuchelewa, huu wa upande wa serikali. Kenya hufanya uchunguzi mkubwa wa idadi ya watu na afya kila baada ya miaka michache. Ulifanywa mwaka 1989, ukafanywa 1993, ukafanywa 1998. Katika zote hizo tatu Mkoa wa Kaskazini Mashariki haukuingizwa. Mara ya kwanza kuhesabiwa ilikuwa mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Na walipohesabu, waligundua kwamba watoto wa mkoa huu waliopata chanjo zote walikuwa karibu 9 tu katika kila 100. Kwa hiyo waziri aliyekaa Nairobi mwaka 1995, hata kama alikuwa mtu mwema, hakuwa na karatasi mezani ya kumwonyesha kwamba watoto wetu hawajachanjwa.

Lakini si kwamba hakukuwa na watu waliojaribu. Hapa nataka kukaa kidogo na habari ya Wajir, maana ilibadilisha tiba katika nchi za wafugaji.

Mwaka 1969 alifika Kenya mwanamke Mwitaliano, Annalena Tonelli. Alikuwa amesomea sheria, akaja kufundisha shule Wajir. Hakuwa daktari. Alichokiona Wajir ni kifua kikuu. Wakati ule tiba ya kifua kikuu ilikuwa ya mwaka mzima na zaidi, na mgonjwa alitakiwa kulazwa au kurudi kila mara kuchukua dawa. Mfugaji atarudije? Mvua ikinyesha upande wa Somalia, ngamia wanahama, na mwenye ngamia anahama nao. Akipata nafuu kidogo anaacha dawa, na ugonjwa unarudi ukiwa mkali zaidi. Madaktari wengi walikata shauri kwamba wahamaji hawatibiki.

Mwaka 1976 mama huyu alipewa usimamizi wa mpango wa majaribio wa serikali na Shirika la Afya Duniani. Alichofanya ni kitu cha kawaida kabisa, cha kutumia akili ya mahali. Badala ya kuwalaza wagonjwa kwenye vitanda vya chuma ndani ya kuta nne, aliwaacha wajenge nyumba zao wenyewe za kihamaji karibu na kituo, waishi pale na jamaa zao, wanywe dawa kila siku mbele ya mtu anayewaangalia, mpaka wamalize. Dawa mpya za muda mfupi, za miezi sita, zilikuwa zimeanza kupatikana, na hilo lilisaidia sana. Mahali pale pakaitwa manyatta ya kifua kikuu. Wagonjwa walibaki mpaka mwisho, wakapona, na mtindo huo baadaye ukachukuliwa na mpango wa serikali wa kifua kikuu katika wilaya kavu za Kenya. Huu utaratibu wa leo wa kumeza dawa ukiwa unaangaliwa, ambao nchi nyingi zinaufuata, ulijaribiwa mapema katika mchanga wa Wajir.

Baada ya Wagalla, ambayo aliipigia kelele, ilimbidi Annalena aondoke Kenya. Aliendelea na kazi ile ile upande wa Somalia. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo akauawa kwa risasi huko Borama, katika hospitali aliyoianzisha. Mungu amlipe mema. Wagonjwa wake walikuwa Waislamu, yeye alikuwa Mkristo, na wazee wa Wajir hawajamsahau.

Sasa tuje Garissa kwenyewe, na miaka ya mafuriko.

Mvua za mwisho wa mwaka 1997, zile za El Nino, kila aliyekuwa na umri wa kuelewa anazikumbuka. Tana ilifurika, mabonde yakawa maziwa, barabara zikakatika. Watu walikimbilia sehemu zilizoinuka, wao na mifugo yao, kwenye kisiwa kimoja cha udongo. Mbu walikuwa wengi kiasi kwamba mtu hakuweza kufungua kinywa. Mbuzi na kondoo wakaanza kutupa mimba. Kisha wakaanza kufa watu, wakitoka damu.

Mwezi wa Desemba 1997 viliripotiwa vifo 170 katika Wilaya ya Garissa vya watu walioshikwa na homa na kutoka damu. Wengi wao hawakufika hospitalini. Wangefikaje? Kijiji kilikuwa kimezungukwa na maji. Wakati huo huo malaria kali ilikuwa ikiingia mkoani, na mapema mwaka 1998 iliua watu wengi Wajir. Kwa hiyo homa moja ilijificha nyuma ya homa nyingine. Damu ilipopelekwa maabara ikajulikana kwamba ni homa ya Bonde la Ufa. Wataalamu walipopima watu katika wilaya na kupiga hesabu, walikadiria kwamba watu 27,500 katika Wilaya ya Garissa peke yake walikuwa wameambukizwa. Hadi wakati huo haukuwa umeandikwa mlipuko mkubwa kama huo wa ugonjwa huu katika Afrika Mashariki.

Ugonjwa huu si wa jana. Ulielezwa mwaka 1931 baada ya kuua kondoo kwenye shamba karibu na Ziwa Naivasha, ndiyo maana ukapewa jina la Bonde la Ufa. Virusi vyake hukaa katika mayai ya mbu fulani, na mayai hayo hulala ardhini kwenye mabonde makavu kwa miaka mingi. Mvua kubwa ikija na maji yakasimama, mayai yanaanguliwa, mbu wanatoka wakiwa tayari wamebeba ugonjwa, wanauma mifugo. Binadamu huupata hasa kwa kushika damu, mimba iliyotoka, maziwa au nyama ya mnyama mgonjwa, na vilevile kwa kuumwa na mbu. Katika uchunguzi ule wa Garissa mambo mawili yalijitokeza wazi: waliougua ni wale waliogusa damu na majimaji ya kondoo, na wale waliolaza mifugo ndani ya nyumba zao. Na mwaka ule, katika mafuriko, nani hakulaza mbuzi ndani?

Miaka tisa ikapita. Mvua za mwisho wa mwaka 2006 zikawa kama zile. Na hapa nataka msikilizaji asikilize vizuri, maana hapa ndipo jibu la yule mzee lilipo.

Wafugaji wa Kisomali wana jina lao la ugonjwa huu kwa mifugo. Wanauita sandik, kwa sababu ya damu inayotoka puani. Walikuwa nalo jina hilo kabla ya mtu yeyote wa maabara kuja kuwauliza. Watafiti waliozungumza na wafugaji wa Kaskazini Mashariki baada ya mlipuko wa 2006 na 2007 waliwauliza mambo yalivyofuatana. Wafugaji wakaeleza: mvua kubwa ilianza, wiki tatu na siku chache baadaye mbu wakajaa, wiki mbili na nusu hivi baadaye mifugo ikaanza kuugua, na wiki nyingine mbili na nusu mtu wa kwanza akaugua. Madaktari wa watu, kwa wastani, walifika mwezi mmoja hivi baada ya mtu huyo wa kwanza kuugua. Madaktari wa mifugo walifika baadaye zaidi.

Hesabu mwenyewe. Mfugaji alikuwa na habari kamili mkononi, na jina la ugonjwa, wiki kadhaa kabla ya serikali. Hakuwa na mtu wa kumwambia, au alimwambia mtu asiyemsikia. Na mimi nasema haya nikiwa na aibu yangu. Katika kituo kidogo nilichokuwa nikifanya kazi mwaka 2006, kijana mmoja alituambia mbuzi wao wote wametupa mimba na ndugu yake ana homa. Tuliandika homa. Habari ya mbuzi hatukuiandika, maana kitabu chetu hakikuwa na safu ya mbuzi. Ndugu yake alipona, alhamdulillahi. Lakini ile safu isiyokuwapo imenisumbua mpaka leo.

Wagonjwa walioanza kuugua mwisho wa Novemba walijulikana katikati ya Desemba, pale vifo vya watu wanaotoka damu vilipoanza kuripotiwa kutoka Garissa. Kufikia tarehe 20 Desemba vilikuwa vimeripotiwa vifo 11. Siku hizo hizo maabara ikathibitisha homa ya Bonde la Ufa. Ebola na homa ya manjano zilipimwa, hazikuwamo. Hospitali ya Garissa ikawa kituo cha vita ile. Ilitengwa wadi kwa ajili ya wagonjwa, wataalamu wakaja kutoka Nairobi na ng'ambo, na jambo ambalo halikuwapo mwaka 1997, vipimo vya virusi vikaanza kufanywa hapa hapa Garissa badala ya kila chupa ya damu kusubiri ndege.

Wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Idd-ul-Adha ya mwaka ule iliangukia siku za mwisho za Desemba 2006, siku kumi hivi baada ya habari kutoka maabara. Fikiria ni nini kumwambia Mwislamu asichinje katika Idd ya kuchinja. Kuchinja kukapigwa marufuku, soko la mifugo la Garissa likafungwa, nyama ikawa kitu cha kuogopwa. Familia iliyotegemea kuuza mbuzi mmoja kwa wiki ikakosa pesa ya unga. Mashekhe walisaidia pale ambapo sisi wenye makoti meupe hatukusikilizwa. Walipopanda mimbari na kusema kwamba mnyama mgonjwa hafai kwa kafara kwa sheria ya dini yenyewe, watu walielewa mara moja.

Mlipuko ulipokwisha, mwezi wa Machi 2007, wagonjwa 684 walikuwa wameandikwa Kenya nzima na zaidi ya 150 walikuwa wamefariki. Ugonjwa ulikuwa umevuka mpaka hadi Somalia na Tanzania. Idadi hiyo ni kubwa, na kila mmoja alikuwa mtu wa mtu. Haiwezi kulinganishwa na wale 27,500 wa mwaka 1997, maana wale ni makadirio ya walioambukizwa na hawa ni wagonjwa walioandikwa, lakini nasema kwamba safari hii tulichelewa kidogo kuliko safari ile.

Na mwaka 2018? Mwezi wa Juni mwaka huo mgonjwa mmoja mwenye homa na kutoka damu kwenye fizi alifika hospitali ya Wajir, akafariki siku hiyo hiyo. Ilielezwa kwamba alikula nyama ya mnyama aliyekuwa mgonjwa. Safari hii mtu aliuliza, na jibu likaandikwa. Ndani ya siku chache majibu ya maabara yalipatikana, na mlipuko wote ulioripotiwa hadi katikati ya mwezi ulikuwa na wagonjwa 26, waliofariki wakiwa sita.

Nisije nikamaliza muda wangu kwa homa moja. Kuna kuchelewa kwingine kunakoua zaidi, nako hakungoji mafuriko. Nazungumza juu ya mama anayejifungua.

Uchunguzi wa mwaka 2008 na 2009 ulionyesha kwamba katika Kaskazini Mashariki, katika kila watoto 100, ni 17 hivi tu waliozaliwa kwenye kituo cha afya. Hesabu iliyotokana na sensa ya mwaka 2009 ilikadiria vifo vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai kuwa 646 Garissa, 1,683 Wajir, na 3,795 Mandera. Najua sensa ile ilizua ubishi katika wilaya zetu, wengine watasema namba ya Mandera si sahihi. Haya, igawe mara mbili. Bado inatisha.

Mama huyu anachelewa mara ngapi? Uchungu unaanza usiku. Mkunga wa jadi anasema subiri. Alfajiri inaonekana mtoto hashuki, na mara nyingi kovu la ukeketaji wa Firauni limeziba njia. Mume yuko na ngamia, na bila ruhusa yake au ya wazee wake hakuna anayethubutu kumpandisha mkokoteni wa punda. Akifika kituo kidogo, hakuna wa kupasua. Gari la kumpeleka Garissa halina mafuta. Akifika Garissa anahitaji damu, na ndugu zake waliobaki kijijini ndio ambao wangemtolea. Katika habari hiyo, kuchelewa kumoja ni kwa mume, kumoja kwa mkunga, kumoja kwa mafuta, kumoja kwa damu. Mwanamke mwenyewe hakuchelewa hata kidogo. Yeye uchungu wake ulianza saa yake.

Wengine walinusurika lakini wakabaki wakivuja mkojo, wakafichwa nyuma ya nyumba kwa miaka. Ugonjwa huo ni fistula, na unatibika kwa upasuaji. Kama unamjua mama wa namna hiyo katika bulla yenu, mwambie aende hospitali ya rufaa akaulize lini madaktari wa fistula watakuwapo. Ukeketaji nao umekatazwa kwa sheria ya mwaka 2011, ingawa sote tunajua bado unafanywa usiku.

Mambo yaliyobadilika ni haya. Tarehe 1 Juni 2013 ada ya kujifungulia katika hospitali za serikali iliondolewa. Tangu Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF imekwisha na mahali pake pamechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Jiandikishe kwa kitambulisho chako ukiwa mzima, usingoje usiku wa uchungu. Na wazo lile lile la manyatta ya Wajir nimeliona likirudi kwa sura nyingine: vituo kadhaa vya kaskazini vimejenga nyumba ya kusubiri, mama anayekaa mbali anakuja wiki chache kabla ya siku zake, anakaa karibu na kituo na mtu wake wa kumpikia.

Sitapita bila kuikumbuka siku ya tarehe 2 Aprili 2015. Watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi vijana. Majeruhi walifikishwa kwanza katika hospitali hii yetu, na waliozidiwa wakasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi. Siku ile hakuna aliyeuliza majeruhi ni wa kabila gani wala dini gani. Sina zaidi ya kusema juu yake.

Leo hospitali ile ni ya rufaa, Garissa imewekwa pamoja na Mombasa na Nakuru katika mpango wa vituo vya saratani vya kanda, na mitaani, kama pale Iftin, kuna hospitali ndogo ya serikali, ili si kila homa iende kupanga foleni kubwa. Wafanyakazi bado ni wachache na malalamiko hayakosi. Na mto bado ni mto. Mwisho wa mwaka 2023, na tena mwezi wa Aprili 2024, Tana ilikata barabara ya Nairobi pale Madogo na Kona Punda. Watu walivushwa kwa mashua, na mashua moja ikapinduka ikaua. Mgonjwa wa rufaa siku kama hiyo anakwenda wapi? Kwa hiyo mama aliye karibu na siku zake, na mtu anayetumia dawa za kila siku za presha, sukari au kifua kikuu, avuke au achukue dawa zake mapema, pale tu redio inapotangaza kwamba mabwawa ya juu yanamwagika.

Na kama mvua itakuwa ya kusimamisha maji, basi fungua macho yako kwa mifugo kabla ya watu. Kondoo na mbuzi wengi wakitupa mimba kwa pamoja, wana-kondoo wakifa, damu ikitoka puani, mwite daktari wa mifugo au chifu au mhudumu wa afya wa kijiji siku hiyo hiyo. Usimchinje mgonjwa "ili asipotee." Usishike mimba iliyotoka kwa mikono mitupu, na usiwatupie mbwa, ichimbie chini. Maziwa yachemshwe, hata kama mzee wa nyumba anasema yanapoteza ladha. Nyama iive. Mbuzi wadogo walale nje ya nyumba, na watoto walale ndani ya chandarua.

Mtu akipata homa ya ghafla, kichwa na viungo vikiuma, nenda kituoni akapimwe malaria, na ueleze pia hali ya mifugo yenu hata kama hujaulizwa. Wengi hupona ndani ya wiki. Lakini akianza kutoka damu puani au kwenye fizi, akitapika damu, choo kikiwa cheusi, macho yakigeuka manjano au yakaanza kuona giza, au akichanganyikiwa akili, huyo ni wa hospitali sasa hivi. Usimpe aspirini, huzidisha kutoka damu. Dawa ya kuua virusi vyenyewe haijapatikana, wala chanjo ya watu haijaruhusiwa kutumika, lakini maji ya mishipa, damu na uangalizi humsaidia mtu kuvuka. Na usiogope kumhudumia: ugonjwa huu haujaonekana kuambukizwa kwa kukaa pamoja na mgonjwa wala kupeana mkono. Jihadhari na damu yake tu, na nawa mikono.

Kwa wenzangu wauguzi wanaosikiliza: kama kitabu chenu hakina safu ya mbuzi, chora mstari kwa kalamu, muiweke.

Wiki ijayo, inshallah, daktari wa mifugo atakuwa nami hapa studio kuzungumza juu ya chanjo ya kondoo na mbuzi dhidi ya homa hii, lini ichomwe na kwa nini haifai kungojwa mpaka mvua ianze. Andikeni maswali yenu mapema. Kwaherini.